Tisa Walipanda, Wanane Walishuka

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Alunguli, mji wa Kindu, jimbo la Maniema
Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Yameanza kuandikwa saa saba na nusu mchana.
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi.

Jina: Aïcha Soudi
Umri: miaka 23 kwa mujibu wa kadi ya uchaguzi. Shahidi ameomba iandikwe kwamba hana hakika na tarehe iliyo kwenye kadi.
Kazi: mshonaji wa nguo
Makazi: Alunguli, barabara ya kushukia kivukoni
Jina la baba: Soudi Ramazani
Jina la mama: ____________ (shahidi ameomba paachwe wazi kwanza)

Nashona nguo mbele ya nyumba yetu kwa cherehani ya mguu. Sijawahi kuingia kituo hiki isipokuwa siku moja nilipomletea askari suruali yake aliyoshindwa kuja kuichukua miezi mitatu. Nimeitwa leo kwa sababu ya baba yangu, Mzee Soudi, miaka 77, aliyekuwa mpiga kafi wa kuvusha watu mtoni kati ya Alunguli na Kindu mjini. Jana Jumatatu tarehe 13, saa nne asubuhi, alikuja hapa kwa miguu yake akasema kwamba mwaka 2002 aliua mwanamke majini. Mmemweka mahabusu.

Shefu Bienfait, anayeandika maneno haya, amenieleza hivi. Kama ni maneno ya ugonjwa, mzee anarudi nyumbani leo. Kama ni kweli, kesho faili lake linavuka mto kwenda kwa mwendesha mashtaka, na yeye mwenyewe anavuka nalo. Kisha ameniomba nijibu kwa neno moja tu, ni mgonjwa au si mgonjwa. Nimemwambia neno moja halitoshi. Amevuta kiti chake karibu na meza, nikaanza.

Kabla ya mengine yote naomba hili liandikwe juu. Nilipoingia nilimsikia askari wa zamu akisema mzee amepiga kelele asubuhi nzima na kwamba wataita muuguzi amchome sindano ya kumtuliza. Msimchome. Hii hapa karatasi ya daktari, ina mhuri, imeandikwa dawa ambazo mzee hapaswi kupewa. Alichomwa mara moja na nusura tumzike. Shefu ameisoma karatasi, ametoka, amerudi, na amenihakikishia kwamba muuguzi hataitwa. Namshukuru kwa hilo.

Mambo yalianza tarehe 20 Februari 2024. Ilikuwa saa kumi ya alasiri, baba ametoka kusali, nami nilikuwa natia pindo kwenye sare ya shule. Alisimama mlangoni, akatazama ndani ya nyumba, akaniambia:

“Aïcha, muletee ule mama kiti.”

“Mama gani, baba?”

“Ule mwenye iko kando ya pipa.”

Pipa letu la maji liko pembeni mwa sebule. Nilitazama. Palikuwa na pipa na kata ya kuchotea maji. Nilimwambia hakuna mtu pale. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyekosa adabu mbele ya mgeni, akachukua kiti mwenyewe, akakiweka kando ya pipa. Akarudi nyuma hatua mbili.

“Usimukazie macho,” alisema. “Analowana, atasikia haya.”

Tangu siku hiyo mwanamke huyo alikuja karibu kila alasiri, saa kumi. Kwa baba, nasema. Mimi sikumwona hata siku moja. Lakini nitasema ukweli kwa kuwa niko mbele ya serikali: baada ya mwezi mmoja niliacha kukikalia kile kiti, hata asubuhi.

Nilimuuliza baba anataka nini. Akasema hataki kitu, anakaa tu, anangoja. Nilimuuliza kama anamtisha. Akasema hapana, ila kuna jambo moja halimpendezi. “Anaficha mikono,” alisema. “Siku zote chini ya kitenge. Hata nikimupa maji, hatoe mikono.”

Kulikuwa na mambo mengine, nayasema kwa sababu daktari baadaye aliniuliza yote haya. Alianza kutembea kwa hatua fupi, nyayo zikiburura chini. Mkono wa kulia ulitetemeka akiwa ameupumzisha. Alianguka mara tatu kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Akilala baada ya chakula cha mchana, mikono yake yote miwili ilipiga kafi, kushoto, kulia, kwa nguvu, hadi siku moja alinipiga shavuni nilipomfunika shuka. Na akili yake ilikuwa inaenda na kurudi. Saa mbili asubuhi angekaa na wateja wangu akawachekesha kwa habari za mamba, na saa nne ungemkuta anatazama ukuta, hajibu, chai imepoa mkononi.

Siku nyingine, nayo ni tarehe 9 Mei 2024, alinitazama muda mrefu nikimnyoa ndevu, akasema: “Unafanana sana na Aïcha. Lakini wewe si mutoto wangu.” Nilimaliza kumnyoa. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia, kisha nikarudi kwenye cherehani.

Na alihesabu. Hili lazima nilieleze vizuri. Wapiga kafi wa zamani wa upande wetu walikuwa na desturi yao. Kila mtu anapopanda mtumbwi, mwenye mtumbwi hutia kokwa moja ya ngazi, yaani chikichi, ndani ya kopo lililo karibu na miguu yake nyuma. Kila mtu anaposhuka, hutoa kokwa moja na kuitupa nchi kavu. Mtoto mchanga naye ana kokwa yake. Kopo likibaki tupu, kazi imekwisha. Likibaki na kokwa, mwenye mtumbwi haruhusiwi kwenda kwake kula wala kulala, ni lazima arudi majini kutafuta. Baba alishika desturi hiyo miaka arobaini. Kopo lake lilikuwa juu ya kabati, na kafi lake lilining'inia ukutani juu ya kitanda changu tangu nikiwa mdogo. Mwaka 2024 alilishusha kopo. Kila alasiri alihesabu watu nyumbani kwa sauti. Mimi na yeye ni wawili. Yeye alihesabu watatu, akatikisa kopo, likalia. Ndani kulikuwa na kokwa moja, kavu, nyeusi, ndogo.

Nilidhani ameiokota. Sikuuliza.

Majirani walianza kusema. Mzee anaongea na maiti. Mzee amekula watu, sasa wanakuja kudai nafasi yao. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Watoto wa jirani wakipita mbele yetu walikimbia. Nilimpigia simu kaka yangu Fadhili, mtoto wa kwanza wa mzee, ambaye analima huko Tunda. Alifika tarehe 23 Juni 2024 kwa pikipiki, akiwa amechoka na amekasirika. Alimwona baba akimsogezea mtu asiyekuwepo sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akasema huu ni wazimu, akamleta mtu anayejiita muuguzi, rafiki yake, ambaye jina lake halisi silijui. Mtu huyo alimchoma sindano pajani saa tano asubuhi. Mimi ndiye niliyeshika mkono wa baba. Alikuwa akiniuliza, “Ni ya nini, Aïcha?” nami nikamwambia ni ya malaria.

Ilipofika saa nane alikuwa mgumu kama ubao. Shingo haigeuki. Meno yamekazana, mate yanatoka, hamezi. Alikaa hivyo siku nne. Nilimnywesha maji kwa kijiko pembeni mwa mdomo. Fadhili alilia mbele ya watu, mtu mzima mwenye watoto sita, akasema alitaka kusaidia. Najua alitaka kusaidia. Rafiki yake hakuonekana tena.

Tarehe 1 Julai 2024 tulimvusha mto tukamfikisha kwa daktari Zéphirin, upande wa pili. Daktari huyu haongei haraka. Kwanza alimpima mkojo na damu, akasema wazee wengi huchanganyikiwa kwa sababu ya maambukizi tu, au malaria, au huzuni nzito, na ukitibu hayo akili inarudi. Kwa baba hayakuwa hayo. Kisha alimpa kalamu achore saa ya ukutani. Baba, aliyekuwa akijua muda kwa kutazama maji, alichora duara, na namba zote akazirundika upande mmoja, kama vifungo vilivyoshonwa upande mmoja wa shati. Lakini daktari alikuwa amempa maneno matatu ayakumbuke: kafi, mkate, mlango. Baada ya robo saa alimuuliza. Baba akasema: “Kafi, mukate, mulango. Unaniona mutoto?”

Daktari alicheka. Hapo ndipo mimi niliposhika tumaini. Nilisema kumbe kichwa ni kizima. Akanijibu: “Dada, kumbukumbu yake iko bado. Macho ya ndani njo yanaugua.”

Alinieleza kwamba demensia si ugonjwa mmoja. Ni jina la ukoo mzima, kama mtu anavyosema homa bila kusema ni ya tumbo au ya mbu. Kuna ile iitwayo Alzheimer, inayokula mambo mapya kwanza, mtu akakuuliza swali moja mara kumi. Kuna ile ya mishipa ya damu ya kichwa, inayomshusha mtu ngazi kwa ngazi baada ya viharusi vidogo. Na kuna ile ya Lewy, ambayo aliona kuwa ndiyo ya baba. Huyu huona watu na watoto mchana kweupe, wazi kabisa, wamevaa nguo. Akili yake huja na kuondoka. Mwili hukakamaa. Hupigana usingizini. Anaweza kuamini kwamba mtu wa nyumbani kwake amebadilishwa na mwingine anayefanana naye. Na huyu hasa, ukimchoma zile sindano za kutuliza wendawazimu, unaweza kumuua. Ndipo akaandika ile karatasi. Aliandika pia vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, akasema havitaponya, lakini vitampunguzia wageni.

Nilimuuliza yule mwanamke ni nani basi. Akasema si mtu, ubongo wa mzee ndio unaomtengeneza. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Niliwaambia majirani mmoja mmoja, mlango kwa mlango, na yule aliyesema maiti nilimwambia mara mbili.

Vidonge vilifanya kazi. Kufikia mwezi wa kumi na mbili yule mwanamke alikuwa akija mara moja kwa juma. Ramadhani ya mwaka huu hakuja kabisa. Baba alifunga siku tano kwa ukaidi wake, akaniita kwa jina langu, akalalamika kwamba chumvi ni nyingi. Nilirudisha kile kiti mezani. Watu walileta tena vitambaa.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, shefu. Naomba uniandike vilevile ninavyosema.

Mnamo tarehe 2 Septemba 2025, siku ya Jumanne, yapata saa sita mchana, nilikuwa natwanga sombe nyuma ya nyumba. Baba alikuwa ameketi kivulini ukutani, akili yake imetulia tangu asubuhi. Siku zote nikitwanga huziba masikio, tangu nikiwa mtoto, tukidhani ni kichwa chake tu hakipendi makelele. Siku hiyo hakuziba. Alisema:

“Acha. Njo vile vidole vililia, sawa na hiyo muchi.”

Niliweka mchi chini. Nikamuuliza vidole gani. Akanieleza, polepole, bila kulia, akitazama kinu.

Alisema mwaka 2002 waasi walishika mji na wanamgambo wa Mai-Mai walishika msitu, na watu walikuwa na njaa. Askari wa waasi walikataza mitumbwi kuvuka baada ya saa tisa alasiri. Yeye aliondoka upande wa Kindu baada ya saa tisa kwa sababu watu walimlilia. Alitia kokwa tisa. Wa tisa alikuwa mtoto mchanga ndani ya beseni, mama yake amelishika mapajani. Katikati ya mto, askari walipiga risasi kutoka ufukweni. Watu wakaegemea upande mmoja. Yule mama akaanguka, lakini alipokuwa anaanguka aliliinua beseni juu, na baba akalipokea kwa mkono wa kushoto. Kisha mama akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono yote miwili. Mtumbwi ukalala. Maji yakaingia. Watu wakapiga kelele.

“Nilimuambia aachilie,” baba alisema. “Hakuachilia. Nilikuwa na kafi mukono wa kuume. Nilimupiga vidole. Mara mbili.”

Nikamuuliza mtoto alikwenda wapi.

Alinitazama. Akasema: “Uko unatwanga sombe.”

Mama Feza, mke wa baba, aliyefariki mwaka 2019, ndiye niliyemjua kuwa mama yangu. Sijawahi kukosa kitu kwake. Sikumaliza kutwanga siku hiyo.

Nilijiambia ni ugonjwa. Nilirudia maneno ya daktari, ubongo unatengeneza. Lakini maneno matatu ya daktari alikuwa ameyakumbuka yote. Tarehe 4 Septemba, saa tatu asubuhi, nilikwenda kwa Mama Onema, anayeuza mboga penye ngazi za kivuko, mama wa miaka zaidi ya sabini. Nilimwuliza kama aliwahi kuvuka na baba wakati wa vita, siku ya risasi. Alikuwa anafunga mafungu ya matembele. Aliendelea kufunga.

“Nani amekuambia?” aliuliza.

“Baba.”

“Basi amekuambia.” Akafunga fungu lingine. “Tulikuwa tisa na wewe, mutoto wangu. Tulishuka wanane. Hakuna mwenye alisema kitu, kila muntu alienda kwake. Kama haangepiga, tungekufa wote. Lakini alipiga.”

Nilimwuliza jina la yule mama. Akasema hakujua, alikuwa mgeni mjini, alizungumza kama watu wa Butembo. “Ile wakati nani alikuwa anauliza majina?” Kisha akanipa fungu la matembele, akakataa nikatae. Nililitupa mtoni nikirudi, na bado naona aibu kwa hilo, kwa kuwa ni chakula.

Kwa hiyo shefu, kokwa ambayo baba aliweka juu ya meza yenu jana, ambayo mmeifunga kwenye bahasha mkaiandika kuwa ni kielelezo, hakuiokota. Aliitunza miaka ishirini na mitatu.

Hapa nakuja kwenye kosa langu, maana mmemfungia yeye na mimi nimeketi kwenye kiti.

Kuanzia tarehe 5 Septemba niliacha kumpa vidonge. Havikuisha. Hivi hapa, nimekuja navyo, unaweza kuvihesabu. Niliacha kwa makusudi. Asubuhi nilimpa maji matupu na kumwambia meza, naye akameza, kwa sababu ananiamini. Nilitaka yule mwanamke arudi.

Daktari anasema ubongo wake ndio unaomtengeneza. Nami nasema ubongo huohuo ndio uliomwona. Hakuna picha yake popote. Mama Onema hakumbuki hata sura. Dunia nzima ni mtu mmoja tu anayemwona mama yangu, na ni yule aliyempiga vidole.

Alirudi tarehe 19 Septemba, saa kumi. Baba alisimama ghafla akatafuta kile kiti. Nilikileta mimi, nikakiweka kando ya pipa, nikakaa chini mbele yake, mbele ya kiti kitupu, nikauliza.

“Baba, amevaa nini?”

“Kitenge ya kijani, iko na ndege.”

“Uso wake?”

“Kama wako. Lakini mwenye kuchoka.”

“Ananiona?”

Alikitazama kiti. “Anakuangalia wewe tu,” alisema.

Nilifanya hivyo kila alasiri kwa majuma matatu. Niliacha kazi saa tisa na nusu, nikaosha uso, nikabadilisha nguo. Usicheke, shefu. Nilimwuliza ana alama gani, analia au halii, na kila siku nilimwambia baba: muulize jina lake. Na kila siku baba aliinama, akauliza kwa adabu, akangoja, akatikisa kichwa. “Hajibu. Anaangalia kopo.” Mara nyingine niliona kitambaa cha kile kiti kimebonyea, na nikajua kwamba ni mimi niliyekishona vibaya. Nilijua. Lakini sikukigusa.

Huku baba akizidi kuharibika. Alianguka tarehe 28 Septemba akapasuka nyusi. Akaanza kuniogopa asubuhi. Alipiga kafi usingizini hadi akavunja taa. Alisema yule mama sasa haji tu saa kumi, yupo mchana kutwa, na anasogea. Niliona anaumia, na sikumpa kidonge. Namchukia kwa kile alichofanya, na nampenda kwa sababu ndiye aliyenishika mkono nilipojifunza kukata kitambaa, ndiye aliyebeba cherehani yangu kichwani kutoka kivukoni. Kafi lililovunja vidole vya mama yangu nililala chini yake usiku wote wa utoto wangu. Siwezi kuvipanga vitu hivi viwili vikalingana. Nimejaribu.

Jana asubuhi niliondoka nyumbani saa tatu kwenda kununua uzi. Niliporudi kiti cha kando ya pipa kilikuwa kimeanguka na kopo halikuwepo. Baba alikuwa amekuja kwenu. Askari ameniambia alisema hivi: “Amesema nitoe hesabu kwa serikali, kwa sababu kwa nyumba hakuna mwenye anamusikia.”

Umeniuliza tena ni mgonjwa au si mgonjwa. Ni mgonjwa. Na alichosema ni kweli. Yote mawili, shefu, andika yote mawili, usichague. Kaka yangu Fadhili amenipigia simu mara nne leo, ananisihi niseme ni ugonjwa peke yake, inatosha, mzee arudi. Ningeweza. Karatasi ya daktari ninayo. Lakini nikisema hivyo, mama yangu atakuwa hakuwahi kupanda ule mtumbwi.

Umeniuliza kama ninamlalamikia, kwa kuwa kama alichosema ni kweli, mwenye haki ya kulalamika ni mimi. Mama Onema yupo, mwiteni, mumsikie wenyewe. Mwandikieni mwendesha mashtaka kila kitu. Mimi simlalamikii. Ninachoomba ni kwamba asingojee uamuzi huo kwenye saruji, kwa sababu atakufa humo, kwa kuanguka au kwa sindano ya mtu mwenye nia njema. Nipeni mimi. Jioni hii nitaanza kumpa vidonge tena, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na naahidi mbele yako sitaruka hata kimoja. Najua maana yake. Ndani ya miezi miwili yule mama hatakuja tena, na jina lake sitalijua. Nimelifikiria hilo usiku kucha, na nimekuja hivyohivyo.

Ninalolijua nimelimaliza. Limesomwa kwangu nikalisikia, nimesahihisha sehemu mbili, na sikulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: Aïcha Soudi

MAANDISHI YA AFISA

Mimi, Bienfait Lusangi, afisa wa upelelezi, nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Tulimaliza saa kumi kasoro dakika tano. Vidonge vimehesabiwa mbele yake na kurudishwa kwake.

Saa kumi kamili, kabla shahidi hajatia sahihi, sauti ya mzee ilisikika kutoka mahabusu. Shahidi aliomba ruhusa, nikaenda naye hadi kwenye nondo. Ndani walikuwamo mzee na watu wengine wawili. Mzee alikuwa anahesabu kwa sauti, akaishia nne. Wale wawili walikuwa wamesimama wamejibana ukutani. Mzee alikuwa ameketi mwisho wa benchi, ameacha nafasi upande wake wa kulia, ameunyoosha mkono. Alisema maneno haya, nami niliyaandika palepale kwenye kiganja changu kwa kalamu:

“Kavuo, panda. Lete mikono. Ndiyo. Yote mbili.”

Kisha alifunga kiganja polepole, kama mtu anayemvuta mtu, akalia.

Nilimuuliza shahidi kama alikuwa amemtajia mzee habari za Butembo au jina lolote. Alisema hapana. Jina hilo, Kavuo, ni la watu wa Kivu ya Kaskazini, uliko mji wa Butembo. Sina njia ya kuthibitisha, na sikuandika hapa kwamba nimethibitisha.

Mzee Soudi Ramazani amekabidhiwa kwa shahidi saa kumi na nusu, akisubiri uamuzi wa mwendesha mashtaka. Alitoka akimshika shahidi mkono. Kidonge cha kwanza alikimeza mlangoni kwa maji ya kituo. Kielelezo, yaani kokwa moja, kimebaki kwenye bahasha.

Kwa ombi la shahidi, nafasi iliyoachwa wazi juu ya maelezo haya imejazwa, naye ametia sahihi kando yake.

Jina la mama: Kavuo.